Bima ya Tofi

Kisiwani Lewis,
katikati ya Oktoba

Kwa jina la Mungu Baba Mwenyezi, aliyewaumba wanyama na wanadamu katika siku moja, akawapa wote pumzi iliyo mali yake.

Dada yangu mpendwa Murdina,

Nakuamkia kwa heshima, shikamoo. Neema na amani zikufikie huko Ontario, wewe na wajukuu wako wote, na barua hii ikukute ukiwa na afya njema kuliko ile uliyonisimulia mwezi wa Agosti. Goti linaendeleaje? Na kile kifaa cha sikio, umeshakizoea, au bado unakiweka kikombeni na kukisahau kama ulivyofanya ulipokuwa huku? Sisi hatujambo kwa rehema za Mungu. Mboji ya kuchoma, ule udongo wa kinamasi ulio kuni zetu, ilikauka vizuri mwaka huu na tuliiingiza bandani kabla ya mvua. Kondoo wameshuka kutoka mlimani. Mwanangu Finlay yuko kazini kwenye jukwaa la mafuta baharini, na tunamtarajia nyumbani wiki ijayo. Mkewe Effie ni mzima, na mjukuu wetu Marsaili, ambaye sasa ametimiza miaka tisa, anakusalimu sana.

Nilitaka kukupigia simu. Zaidi ya mara moja nimeinua chombo na kukirudisha mahali pake, kwanza kwa sababu sikio lako lingenilazimu kurudia kila neno kwa sauti ya juu, na jambo lenyewe si la kupigiwa kelele. Pili kwa sababu katika simu mtu huweza kujificha nyuma ya kikohozi, na mimi sitaki kujificha. Basi nimeketi mezani na kalamu. Naomba unisome taratibu hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Habari yenyewe ni ya Tofi, yule mbwa wako. Namwita wako kwa kuwa ni wewe uliyemleta, majira ya kiangazi ya mwaka juzi, ukavuka naye kwa feri akiwa amelala ndani ya sweta yako. Ulikuwa umemwona Marsaili mwaka uliotangulia, mtoto pekee katika kijiji cha wazee watupu, akiongea na kuku kwa kukosa wa kuongea naye, baba yake yuko baharini nusu ya mwaka. Ulituambia kwamba mtoto hawezi kulelewa na upepo na zaburi peke yake. Mimi sikukujibu siku ile, lakini moyoni nilinung'unika. Wewe na mimi tulikulia katika nyumba ambamo mbwa alikuwa mfanyakazi: alichunga kondoo, akala mabaki ya samaki, akalala bandani. Sasa ukatuletea spanieli, mbwa mwenye masikio marefu kama soksi zilizoanikwa, asiyeweza kuchunga hata kuku, anayemwogopa kondoo dume na kumpenda mwizi.

Nami nilihesabu kila alichogharimu, Mungu anisamehe, kama mtu anayehesabu makosa ya jirani. Masikio yale yaliingiwa na uchafu wa kinamasi yakaoza ndani, daktari akalipwa. Manyoya yake yalisokotana, na Effie akawa anampeleka mjini kwa mama mmoja mkata manyoya ambaye kwa kikao kimoja hutoza kiasi ninachomlipa kinyozi wangu kwa mwaka. Nilipolisema hilo, Effie alinitazama kichwani akaniambia kuwa kinyozi wangu naye anapaswa kuona haya kunitoza chochote. Hata Marsaili alicheka. Nilicheka pia, lakini hesabu sikuiacha.

Sasa nikueleze yaliyotukuta wakati wa Meza ya Bwana. Unajua jinsi siku hizo zilivyo: tangu Alhamisi ya kufunga hadi Jumatatu ya shukrani nyumba haina nafasi ya kutupa sindano. Mwaka huu tulikuwa na wageni sita, na mkubwa wao alikuwa Mzee Tormod, mwimbishaji zaburi kutoka Ness, yule mwenye sauti ya kutikisa madirisha na ulimi usiopumzika. Jumamosi Effie alipika chakula chote cha Sabato, kama alivyopika mama yetu na mama yake, ili siku ya Bwana kusiwe na kazi jikoni ila kupasha moto. Alipika supu, nyama ya kondoo ya chumvi, viazi, na ile pudini ya kitambaa, nzito kwa zabibu kavu, iliyochemshwa ndani ya kitambaa chake tangu asubuhi. Kwa kuwa meza ilijaa vyombo vya wageni, pudini aliiweka stoo, kwenye rafu ya chini, ipoe.

Jioni tulifanya ibada ya nyumbani. Mimi nilisoma, Mzee Tormod akaomba, na wewe unajua mtu huyo anapoomba hupitia mataifa yote kabla ya kufika Amina. Hakuna aliyekumbuka mlango wa stoo. Asubuhi ya Sabato Effie alienda kuchukua maziwa akakuta kitambaa kimeburutwa sakafuni na zaidi ya nusu ya pudini haipo. Tofi alikuwa amelala pembeni, tumbo limevimba kama ngoma. Wageni walikuja kutazama. Mzee Tormod alisema mbwa huyu ametutangulia karamuni, tena bila kuhojiwa na wazee wa kanisa kama washiriki wengine. Watu walicheka kwa adabu, kwa sababu ilikuwa Sabato, na Effie akasema kwamba atakayekosa pudini mchana amdai Tormod aliyefunga macho muda mrefu kuliko inavyopasa.

Hatukujua, dada. Katika nyumba zetu pudini hiyo huliwa tangu enzi za mababu, na mbwa wa mababu hawakuwahi kuachiwa hata punje yake, ndiyo maana hakuna aliyejifunza kwamba zabibu kavu ni sumu kwa mbwa.

Tulipokuwa tukivaa makoti ya kwenda kanisani, Tofi alianza kutapika. Alitapika mara ya kwanza tukaona ni haki yake. Alipotapika tena na tena, kisha akajaribu kusimama miguu ikakataa, Marsaili aliketi sakafuni kwa nguo zake za kanisani, akakipakata kichwa chake, wala hakulia. Lile la kutolia ndilo lililomtisha mama yake. Effie alipiga simu ya dharura kwa daktari wa wanyama, na nilimwona akibadilika rangi huku akisikiliza. Daktari alimwuliza ni kiasi gani amekula, lini, na mbwa ana uzito gani, kisha akamwambia kwamba figo zinaweza kusimama, amlete papo hapo, kila saa ina maana.

Effie aliniuliza kama nitakuja nao. Nilimwambia aende tu, kwamba kumwokoa mnyama siku ya Sabato ni tendo la rehema na hakuna atakayemlaumu, lakini mimi ni mzee wa kanisa na nina Meza ya kuhudumia. Alifunga mkanda wa mtoto garini, akamlaza mbwa kwenye mapaja yake, kisha akateremsha kioo akaniambia, “Basi utuombee, Baba. Na angalau la malipo halitusumbui. Mungu ambariki Shangazi Murdina na bima yake.” Akaondoka.

Hapa, dada yangu, mkono wangu unakuwa mzito, lakini nimeahidi kutojificha.

Ulipomleta Tofi ulituambia mbele ya wote kwamba hutaki zawadi yako iwe mzigo, na kwamba utakuwa ukituma fedha ya bima yake kwangu, kwa kuwa Finlay hayupo na Effie hana muda wa karatasi. Umeituma kila robo mwaka, hujakosa hata mara moja. Na mimi sikumkatia Tofi bima hata siku moja. Fedha yako yote niliitia katika kisanduku cha misheni pale mlangoni mwa kanisa.

Sikuinywa wala sikuila, lakini nisijitetee kwa hilo. Nilijiambia kwamba kuwekea bima pumzi ya mnyama wa kuchezea ni ubatili na ni kutomtegemea Mungu, wakati kuna watu ulimwenguni wasiojua jina lake. Nilijiambia kwamba ungekuwa na mwanga niliokuwa nao mimi, wewe mwenyewe ungechagua hivyo. Hivi ndivyo nilivyothubutu kufikiri juu ya dada yangu mkubwa aliyenifundisha kusoma. Na Effie aliponiuliza, mwaka juzi, kama suala la bima nimelishughulikia, nilimjibu kwamba limeshughulikiwa. Nilichagua neno hilo kwa uangalifu, nikaridhika nalo, na tangu hapo nimelala usingizi mzuri.

Nilienda kanisani na Mzee Tormod. Kanisa lilijaa hadi ngazi za juu. Niliketi na wazee wenzangu mbele ya Meza, kitambaa cheupe kimetandazwa, mkate umefunikwa. Tormod aliinua zaburi, na lile wimbi la sauti likaja nyuma yake kama lilivyokuja tangu utoto wetu. Mimi midomo yangu ilifuata lakini masikio yangu yalikuwa mjini, kwenye dirisha la mapokezi, nikimsikia Effie akisema bila wasiwasi kwamba ndiyo, bima ipo.

Ndipo mchungaji alipoanza kuizungushia Meza ua wake, akitaja mmoja mmoja wanaopaswa kuikaribia na wanaopaswa kukaa mbali. Nimemsikia akifanya hivyo miaka mingi, na kila mara niliwatazama wengine kwa huruma. Alitaja walevi, wenye chuki, wanaodhulumu vibarua. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba asiikaribie yule amtoleaye Mungu kilicho cha mwingine na kukiita chake. Hakuwa akinisema mimi, wala hakujua lolote. Nilimtazama mzee aliyeketi kando yangu, nikatazama mkate, na nikajua kwamba baada ya dakika chache mikono hii itaushika.

Nilisimama, dada. Katikati ya maneno ya mchungaji, mbele ya watu mia nne, nilisimama nikatembea hadi mlangoni. Katika kanisa letu hakuna mzee aliyewahi kufanya hivyo. Nilisikia viatu vyangu mwenyewe. Watu walidhani moyo umenishika, na kijana mmoja daktari akanifuata nje. Nilimwambia mimi si mgonjwa wa mwili. Akanitazama kama mtu anayetaka kunipima homa, kisha akaniacha niende.

Nikaendesha gari kwenda mjini Stornoway, kwa daktari wa wanyama. Barabara ilikuwa tupu, kondoo ndio waliokuwa katikati yake. Niliomba njia nzima, na nikuambie ukweli: mwanzoni niliomba nipate maneno ya kujieleza, lakini nilipofika darajani nilijikuta nikiomba kwa ajili ya mbwa, tena kwa jina lake. Sikuwahi kulitamka jina hilo mbele za Mungu.

Niliwakuta chumba cha kungojea. Marsaili alikuwa amekaa na ile kamba ya shingoni mwa Tofi mkononi, tupu. Tofi alikuwa ndani. Effie aliponiona alishangaa sana, akatazama saa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna aliyekufa kanisani. Kabla sijajibu, daktari alitoka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mikono bado na maji. Alituambia kwamba vipimo vya damu vimeonyesha figo zimeanza kuzidiwa. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumlaza hapo kwa siku tatu au nne, dripu usiku na mchana, damu ikipimwa kila mara, na hata hivyo hawezi kuahidi. Ya pili, alisema huku akimwangalia mtoto, ni kumpa sindano ya kumpumzisha asiteseke. Akaongeza kwamba njia ya kwanza itapita pauni elfu mbili, kwa hiyo anahitaji kujua leo.

Effie hakusita. Alisema alazwe, afanyiwe yote, na akamgeukia binti wa mapokezi. Binti aliuliza bima ni ya kampuni gani. Effie akanielekeza kwa mkono, uso wake umejaa nafuu, akasema, “Huyu hapa baba mkwe wangu, yeye ndiye anayeishughulikia. Baba, mpe jina.”

Nikasema hakuna bima.

Effie alidhani sikusikia vizuri. Alinieleza, taratibu, kama anavyokueleza wewe kwenye simu, kwamba anaulizwa ile bima ya Shangazi. Nikarudia kwamba hakuna, wala haikuwahi kuwapo, na kwamba fedha ya Shangazi niliitia katika kisanduku cha misheni. Binti wa mapokezi aliinamisha kichwa akajifanya anapanga kalamu. Daktari alirudi nyuma hatua moja. Effie aliposema hakupaza sauti; ningependa angepaza.

“Basi mpigie simu mmisionari,” aliniambia, “mwambie aje aweke dripu.”

Nilijaribu kumweleza yale ya ubatili na ya kumtegemea Mungu. Hata masikioni mwangu yalisikika kama maneno ya mtu mwingine. Alinikata akaniambia kwamba gari langu nililoegesha pale nje lina bima, paa la nyumba yangu lina bima, hata lile trekta bovu lina bima, na hakuna mtoto anayelala akilikumbatia trekta. Akaniuliza ni lini hasa nilipanga kumwambia. Akasema, “Nilikuuliza, Baba. Nilisimama jikoni kwangu nikakuuliza, ukaniambia limeshughulikiwa.” Kisha akamtazama Marsaili, ambaye alikuwa amesikia kila neno, akaketi kando yake.

Mtoto hakunitazama. Alimwuliza mama yake kama sasa Tofi atapewa ile sindano.

Nilimwambia daktari amlaze. Unajua kwamba ninayo akiba yangu ya mazishi, ile niliyoiweka tangu mke wangu Annag alipofariki, ili Finlay asihangaike na jeneza wala chakula cha waombolezaji. Kadi ya akiba hiyo ninatembea nayo mfukoni kwa kuwa sitaki kufia barabarani watu wakatafutana. Binti alisema malipo ya mwanzo yanahitajika siku hiyo hiyo. Mimi ambaye sijanunua hata kiberiti siku ya Sabato tangu kuzaliwa kwangu, niliingiza kadi katika kile kimashine nikabonyeza namba. Nikakosea mara ya kwanza. Effie aliona, hakunisaidia, na sikustahili kusaidiwa.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Jumatatu wageni waliondoka baada ya ibada ya shukrani, wote wakiwa na adabu ya watu wanaojua na hawasemi, isipokuwa Mzee Tormod, ambaye alinishika bega akaniambia kwamba katika maisha yake ameona watu wakikimbilia Meza wasiyostahili, lakini mzee wa kanisa anayeikimbia ndiyo mara yake ya kwanza kumwona, na kwamba nitakapofika Ness kuna kitanda. Finlay alipiga simu kutoka baharini. Nilimweleza mwenyewe. Upepo ukivuma upande wake, akasema, “Ungetuambia tu kwamba hutaki, Baba. Tungelipa sisi.” Hadi leo neno hilo linanichoma kuliko yote aliyosema mkewe.

Daktari alikuwa akipiga simu asubuhi na jioni. Jumatatu alisema hali ni ile ile. Jumanne asubuhi alisema mkojo umepungua na kwamba tujiandae. Marsaili hakwenda shule. Alikaa kwenye ngazi karibu na simu, akala pale pale. Effie alinipikia kama kawaida na kuniwekea sahani yangu mezani, lakini aliacha kuniita Baba. Alimtuma mtoto aje kuniambia chakula kiko tayari. Jumanne jioni simu ilipolia, Effie aliipokea, akasikiliza, akaegemea ukuta. Nilidhani yamekwisha. Kumbe Tofi alikuwa amekojoa sana, tena juu ya viatu vya daktari, na daktari alikuwa akicheka huku akitoa taarifa hiyo. Effie alicheka na kulia kwa pamoja, na mtoto akakimbia nje kwenda kuwaambia kuku.

Tofi alirudi nyumbani Alhamisi, mwembamba, mguu mmoja umenyolewa. Yuko hai, dada, na hilo ndilo ulilopaswa kulijua kwanza. Nisamehe kwa kukuchelewesha, lakini ningekuambia mapema ungeniachilia upesi mno. Figo hazitakuwa kama zamani. Atakula chakula maalumu cha bei ya kutisha maisha yake yote, na damu itapimwa kila baada ya miezi. Nimemkatia bima sasa, kwa fedha ya pensheni yangu. Kampuni imesema italipia kila kitu isipokuwa figo. Nimekubali. Figo ni zangu mimi, na chakula hicho pia nitakinunua mimi, maadamu nina uhai.

Jioni ile aliporudi, Marsaili alinifuata bandani. Mbali na kuniita chakulani, ilikuwa mara ya kwanza kusema nami tangu Jumapili. Aliniuliza kama niliondoka kanisani kwa ajili ya Tofi. Ningeweza kusema ndiyo, na angenikumbatia. Nilimwambia hapana, niliondoka kwa sababu nilikuwa nimesema uongo na kuchukua kisicho changu, lakini kwamba njiani nilimwomba Mungu amponye Tofi. Akafikiri, kisha akaniuliza kama nilimtaja kwa jina au nilisema mbwa tu. Nikamwambia nilimtaja kwa jina. Akatikisa kichwa kukubali, akasema basi sawa, lakini mama bado ana hasira. Nikamwambia ni haki yake.

Sasa nifikie ombi langu, ambalo ndilo lililonikalisha kuandika. Nililipeleka jambo hili mbele ya baraza la wazee, bila kupunguza neno. Mchungaji alisikitika, lakini hakunivua uzee wa kanisa. Mtunza fedha alisema kwamba kiasi hicho kinaweza kutolewa na kurudishwa kwangu, nami nikakataa, kwa kuwa si changu. Nilikitoa bila haki na siwezi kukirudisha bila haki. Ni chako, Murdina. Ukitaka kirudi Ontario, niandikie, na baraza litakituma. Ukitaka kibaki kwenye misheni kwa jina lako, niandikie, na litaandikwa jina lako. Ukitaka kiingie katika figo za Tofi, ni neno lako pia. Wala usinitumie fedha nyingine ya kunisaidia. Najua tabia yako, najua mkono wako umeshaelekea kwenye mkoba.

Bado kuna jambo moja ambalo hata Effie sijamwambia. Mwezi ujao ni Meza ya Bwana katika kanisa la jirani, na wamenialika kuhudumu. Mchungaji anasema niende, kwamba nimekwisha kutubu na Mungu amesikia. Mimi sitakwenda, wala hapa kwetu sitaikaribia Meza majira ya kuchipua. Wewe unayajua maneno ya Bwana wetu juu ya mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aliagizwa aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Nimeyasoma maneno hayo mbele ya watu mara nyingi, na miaka miwili nilikuwa nikitembea hadi kwenye kisanduku kile na fedha yako mkononi. Basi nimeiacha sadaka, nimekuja kwako. Sitaketi Mezani hadi nipate barua yako. Iandike vyovyote utakavyo, hata ikiwa kali, hata ikiwa mstari mmoja. Nikifa kabla haijafika, nitakuwa nimefia mahali nilipostahili kusimama.

Effie anakusalimu na kukushukuru. Aliniambia mwenyewe nikuandikie hivyo, akiwa amesimama mlangoni, na mwisho wa maneno yake aliniita Baba, ingawa aliharakisha kuondoka. Finlay anakusalimu. Marsaili anauliza utakuja lini. Tofi amelala juu ya mguu wangu wa kushoto ambao umekufa ganzi, nami sijauondoa.

Mungu wa baba na mama yetu akulinde wewe na nyumba yako, akupe usingizi wa amani na uzee usio na majuto, awafunike wanao na wajukuu wako kwa mbawa zake, na akujalie moyo wa kumsamehe aliyekukosea, kama anavyotusamehe sisi sote. Amina.

Mimi mdogo wako,
Torcuil